Arobaini ya Mwimbaji

Siku ya arobaini na tatu tangu nijifungue mtoto wangu wa pili, saa kumi alasiri, kwenye ua wa nyumba ya harusi mjini Sur, niliinuka katika mstari wa waitikiaji, nikapita mbele ya bibi harusi na mtoto begani, nikachomoa plagi ya amplifaya ukutani.

Kinanda kilikatika katikati ya neno. Tari ziliendelea kidogo peke yake, kisha nazo zikaona haya zikanyamaza. Shangazi mmoja wa bibi harusi akauliza, "Umeme umekatika?"

"Haukukatika," nikasema. "Nimeukata mimi."

Aliyekuwa akiimba ni Zuwena, binti wa dada yake kiongozi wetu. Alichokuwa akiimba ni wimbo wangu, nilioutunga mimi na kuutoa mimi, na kwa sheria ya kikundi chetu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuufungulia kinywa bila idhini yangu. Nilikwenda uzazini mwimbaji wa mbele. Nikarudi nikaambiwa, "Kaa pale nyuma, mwanangu, uitikie, bado mzazi." Nikakaa. Nikaitikia nyimbo tatu. Wa nne ulipoanza na nikasikia ni wangu, subira yangu ilikwisha palepale.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi. Mimi nina miaka thelathini na minne, na mtoto wa mwisho ananivuta kalamu hivi ninavyoandika. Lakini nimestaafu mwaka jana, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na mitatu. Wasichana wanaoingia sasa wananiuliza mambo ambayo wakubwa zao wanaona haya kuwajibu. Basi nayajibu hapa, tangu mwanzo.

Nimezaliwa Tabora. Baba alikuwa na duka, na ami yangu alikuwa na gramafoni aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akihama. Pamoja nayo alipewa santuri kumi na kitu za Wamarekani weusi, muziki wa bluzi wenye mwendo wa dansi, uliopigwa kabla sijazaliwa au nikiwa bado kitambaani. Moja ilikuwa ya mwanamke. Karatasi ya katikati ya santuri ilikuwa imechanika, kwa hivyo jina lake sikulijua na mpaka leo silijui. Sauti yake naijua kuliko sauti ya mama yangu. Nilikuwa nikitoka skuli nakaa chini ya meza ya ami, naisikiliza mpaka sindano ikwaruze.

Mwanamke yule alikuwa na mambo mawili ambayo baadaye yalinilisha mimi. La kwanza, alikuwa akilichelewesha neno. Ngoma inapiga, wewe unamngoja aingie, haingii, unaanza kuogopa kwamba amesahau, ndipo anaingia, na lile neno linakuangukia kifuani. La pili, alikuwa akiivunja sauti kwa makusudi, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Mimi Kiingereza nilikisoma baadaye, sekondari, nikamaliza kidato cha nne. Lakini kilio chake nilikielewa nikiwa na miaka minane.

Tulikuja Oman mapema miaka ya sabini, watu wengi walipokuwa wakirudi. Baba asili yake Ibra. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na Kiarabu changu kilikuwa salamu na jina la babu. Binamu zangu walikuwa wakinicheka, nami nikawa sisemi. Miaka miwili sikusema nje ya nyumba. Mtu asiyesema huimba, kwa hivyo nilikuwa naimba jikoni, na siku moja jirani akasikia ukutani, akampelekea habari Raisa.

Raisa ndilo jina tulilomwita kiongozi wa kikundi, maana yake mkuu, naye alikuwa mkuu kweli. Mwanamke wa Unguja mjini, mnene, mwenye wanja hata saa mbili asubuhi. Kikundi chake kilikuwa cha wanawake watupu, maana hafla ya harusi ni ya wanawake na hakuna mwanamume anayeingia. Mpiga kinanda mwanamke, wapiga tari wanawake, mpiga ngoma ya dumbak mwanamke, hata aliyekuwa akitengeneza waya za amplifaya alikuwa mwanamke, na akipigwa shoti akicheka.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kwake na mama asubuhi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa bara?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia Kiswahili cha kwenu mnakiburuta kama gunia la muhogo. Haya, imba tusikie."

Nikamwimbia wimbo wa harusi niliousikia kwa mama, lakini nikauimba kama yule mwanamke wa santuri, neno likichelewa, sauti ikivunjika. Raisa akainua mkono kunisimamisha.

"Unaimba harusi au unazika?"

Nikataka kuondoka. Aliyeniokoa ni Bi Asya, mpiga kinanda wetu, mwanamke mkimya aliyekuwa akisema maneno kumi kwa siku. Alikuwa kakaa na kinanda chake mapajani. Akasema, "Raisa, hebu arudie pale alipochelewa." Nikarudia. Bi Asya akanijibu kwa kinanda pale kwenye pengo, sauti mbili tatu tu, kama mtu anayesema *ehe, endelea*. Ndivyo saksafoni ilivyokuwa ikimjibu yule mwanamke kwenye santuri, na Bi Asya hakuwahi kuisikia santuri ile. Nikaendelea. Raisa akawasha udi.

"Utaitikia mwaka mzima," akasema. "Ukinionesha ujeuri, miwili."

Basi hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa. Msichana mpya huanza kwenye waitikiaji, yaani wale wanaopokea kiitikio baada ya kila ubeti. Hapo unajifunza kunyamaza, na si jambo dogo, maana mwitikiaji anayeingia mapema anamwaibisha mwimbaji mbele ya wakwe. Unajifunza mahadhi, ndiyo mwendo wa wimbo, kabla ya maneno. Unajifunza pumzi. Raisa alikuwa akitulaza chali mkekani na kutuwekea kinu kidogo cha kupondea kahawa juu ya tumbo. "Kinu kipande, kinu kishuke. Kifua kisitikisike. Anayeimba kwa kifua ataimba miaka mitatu, kisha ataenda kuuza vitumbua." Unajifunza maikrofoni: usiimeze, usiikimbie, na ukitaka kupiga kelele igeuzie shavu.

Na unajifunza sheria ya nyimbo. Hii wasichana wa leo hawaijui vizuri, kwa hivyo naieleza polepole. Mtu akitunga wimbo, au akitungiwa, siku ya kuutoa mara ya kwanza Raisa huchukua chetezo cha udi akakipitisha chini ya mtandio wa mwimbaji, mara tatu, mbele ya kikundi kizima. Hapo tunasema amefukizwa nao. Tangu siku hiyo wimbo una mwenyewe. Mwingine akitaka kuuimba huenda kwa mwenyewe akaomba, na mwenyewe anaweza kusema la. Bibi harusi hakodi kikundi tu, anasema, "Namtaka fulani na wimbo wake fulani." Mwimbaji bila nyimbo zake ni mwitikiaji aliyevaa vizuri.

Wimbo wangu wa kwanza niliutoa mwaka wa pili. Kulikuwa na binti wa jamaa zetu wa Ibra anaolewa Sur, na siku hizo njia ya Sur ilikuwa ya changarawe, safari ya siku nzima na mifupa yote inahesabika. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, ameshika nguo ya mama yake kama mtoto. Nikamtungia hivi:

*Nenda mwanangu kwa heri, nyumba hii haihami,*
*kitanda chako kizuri, sikilali hata mimi,*
*ukiona ni hatari, kunjua wako ulimi.*

Neno "haihami" nililichelewesha mpaka Bi Asya akainua kichwa. Nilipoliangusha, wanawake waliokuwa wakila walikaa na mikono ndani ya sahani. Mama wa bibi harusi akalia, bibi harusi akalia, Raisa akajifanya wanja umemwingia jichoni. Wimbo ule ulinifungulia njia ya Ibra, ya Al Kamil, ya Sur. Al Mintirib tuliuimba ndani ya hema upepo ukivuma, mchanga ukaingia kwenye kinanda, na Bi Asya akakaa siku mbili akikisafisha kwa mswaki huku anaapa kwamba harudi jangwani mpaka kiama.

Kisha nikaolewa. Mume wangu Nasser alikuwa idara ya maji, na idara ikampeleka Nizwa. Kule nilifanya kazi chini ya mkuu wa pili, mwanamke mmoja mzee wa mji tuliyemwita Mama wa Hafla, kwa kuwa hakuna hafla ya wanawake iliyofanyika mtaani pake bila yeye kuipanga. Hakujua neno la Kiswahili. Siku ya kwanza alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye ukuta wa ua, akauweka mkono wangu juu yake.

"Hapa," akaniambia kwa Kiarabu cha polepole, kama anaongea na mtoto. "Sauti yako inaishia hapa. Nje kuna wanaume, na sisi watu wa Nizwa tuna haya. Ikivuka ukuta, khalas, hutaimba tena kwangu."

Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikagundua amenifundisha kitu kikubwa. Niliimba na maikrofoni karibu na mdomo, sauti ya chini, kama namnong'oneza bibi harusi peke yake, na wanawake wakasogea mbele na mito yao ili wasikie. Kupiga kelele kila mtu anajua. Kuwafanya watu wasogee ni ufundi. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Nizwa, nikapumzika, na nilipopata nguvu Mama wa Hafla akatuma mtu: "Uko tayari lini? Tunakungoja." Nikadhani ndivyo dunia ilivyo.

Miaka miwili nilikuwa Nizwa na wimbo wangu ukabaki Ibra bila kuguswa. Nikienda kuwatazama wazee, Raisa alikuwa akisema, "Amekuja mwenyewe, leo tutausikia." Watu walikuwa wakiungoja wimbo kama inavyongojwa mvua. Likumbukeni hili.

Tuliporudi Ibra kikundi kilikuwa kimesajiliwa kwenye jumuiya ya wanawake ya pale. Tulipewa chumba cha mazoezi, amplifaya mpya, na muhuri. Juu ya Raisa sasa kulikuwa na Mudira, mkurugenzi, binti wa Kipemba aliyesoma Cairo, mwenye miwani na faili za rangi nne. Nikafanya kazi tena kama mwimbaji wa mbele, nyimbo saba nimefukizwa nazo. Nikashika mimba ya pili, nikaimba mpaka mwezi wa saba.

Nikajifungua, nikaenda kwa mama kukaa arobaini. Mnajua arobaini: mafuta ya moto, uji wa pilipili manga, tumbo limefungwa kitambaa, hutoki. Siku ya saba Raisa akaja. Akaleta nguo za mtoto, akambeba, akamsomea, akala halwa. Kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu:

"Hivi ule ubeti wa tatu wa wimbo wako unaanzaje, mwanangu? Umri huu, kila kitu kinanitoka."

Nami nikamwambia. Nimelala chali, mtoto kwenye ziwa, nikamsomea ubeti wa tatu, na wa nne, na nikamwonesha kwa kidole hewani mahali pa kuchelewa. Yeye akaandika nyuma ya karatasi ya dawa ya hospitali. Nilifurahi! Nikadhani ananikumbuka.

Sasa tumerudi Sur, plagi iko mkononi mwangu.

Zuwena alikuwa wa kwanza kuongea. Alikuwa na miaka kumi na tisa, maikrofoni bado mkononi. "Dada Rahma, wallahi nimeambiwa umeuacha. Nimeambiwa umesema nichukue."

"Nani kasema?"

Akamtazama khaloo yake, yaani Raisa.

Raisa akaja mbele taratibu, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Mwanangu, rudisha waya. Tutaongea gari ikiondoka."

"Tuongee sasa. Nimefukizwa na wimbo huu au sikufukizwa?"

"Ulifukizwa. Kisha ukazaa."

"Na kuzaa kunafuta?"

"Wimbo haulali arobaini, mtoto wewe! Harusi zilikuwa nne. Ningewaambia nini watu, mngojeni mzazi apoe?"

"Nilikuwa Nizwa miaka miwili na mliningoja."

"Aliye safarini hurudi," Raisa akasema. "Aliyezaa harudi vile vile."

Hapo mama wa bibi harusi alisimama katikati yetu, amevaa dhahabu mpaka kiunoni, akapiga makofi kama anafukuza kuku. "Nyinyi wanawake! Mwanangu yuko kwenye kiti anayeyuka! Kagombaneni kwenu!"

Alikuwa na haki. Nilimtazama bibi harusi, hina inang'aa, macho yamemtoka. Nikarudisha plagi. Nikamwambia Zuwena, "Imba. Leo uimbe. Bibi harusi hana kosa." Nikachukua mfuko wa nepi nikatoka. Nasser alikuwa garini kavua kilemba anasoma gazeti.

"Mbona mapema? Pilau haijatoka?"

"Endesha."

Akaendesha. Tulipofika Al Kamil akasimamisha gari, akaninunulia chai ya maziwa, akasema, "Sasa sema." Nikasema mpaka Ibra.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mudira kabla hajafika.

"Kulikoni? Nani amekufa?"

"Wimbo wangu."

Akanisikiliza, amesimama, funguo mkononi. Kisha akasema neno lililonipandisha damu upya. "Rahma, kikundi chenu kimeandikishwa chini ya burudani. Burudani haina kanuni ya uzazi."

"Karani wako alizaa mwaka jana. Nani alichukua meza yake?"

"Karani ni mfanyakazi."

"Na mimi ni nani?"

Mudira akavua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa faili. "Andika," akasema. "Hasira ya mdomoni nitaisahau kabla ya adhuhuri. Ya karatasini itanilazimu niijibu."

Niliandika kurasa nne za matusi. Raisa mwizi, Raisa nyoka, Raisa kanitazama kitandani nikivuja damu akaniibia. Mama akazisoma, akaziweka chini ya mkeka akazikalia. "Humshitaki mtu mzima aliyekufukiza," akasema. "Utakuja kuzaa tena, na nani atakuombea dua?" Nasser naye akasema niache, nitunge wimbo mwingine, kwani nyimbo zimekwisha duniani? Nikamuuliza kama idara ya maji ikimpa mwingine kiti chake kwa sababu ameugua atasema viti havijaisha.

Siku ya tatu Raisa akaja mwenyewe. Mama akaondoka kwenye mkeka kwenda kupika kahwa, na ncha za zile kurasa zikabaki zinachungulia chini yake. Raisa akazichukua, akazisoma zote nne, polepole, kidole chini ya mstari. Mimi nikawa sijui nitazame wapi.

"Nyoka umeiandika mara mbili," akasema.

"Ilistahili."

Akacheka kidogo. Kisha akazikunja karatasi akaziweka pajani.

"Unajua mimi nimezaa wangapi?"

"Sita."

"Sita. Kule Unguja kila nilipozaa nilirudi nikakuta wimbo wangu uko kwa mtu. Nyimbo sita, Rahma. Wa kwanza nilimpa mkuu wetu kwa mdomo wangu, kama ulivyonipa wewe. Alikuja kunitazama na halwa. Ndiyo desturi. Mimi sikwenda kwa mudira wala mudiri."

"Na hukukasirika?"

Nilidhani atasema hapana. Alingoja mpaka kahwa ikaja na mama akarudi jikoni.

"Nilikasirika mpaka maziwa yakakauka," akasema. "Mtoto wa tatu nilimlea kwa maziwa ya mbuzi. Nikasema siku nikiwa mkuu…" Hakumaliza. Akanywa kahwa. "Nimekuwa mkuu, na nimefanya lile lile. Harusi nne zilikuwa zinangoja, na mkono ukaenda wenyewe."

Sikumsamehe siku ile, nisidanganye. Lakini nilichukua zile kurasa nne kutoka mapajani mwake nikazichana, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba nimekosea wa kumwandika. Hata Raisa akifa kesho, mkuu atakayemfuata atakuja na halwa siku ya saba. Nikachukua karatasi mpya.

"Utaandika nini?" akauliza.

"Kwamba siku arobaini wimbo usiguswe."

"Arobaini?" Raisa akanitazama kama ananifundisha tena siku ya kwanza. "Sur uliitikia nyimbo tatu. Wa tatu pumzi ilikufika?"

Haikunifika. Nilikuwa sijamwambia mtu.

"Tumbo ndiyo pumzi. Tumbo la mzazi siku ya arobaini ni mfuko mtupu. Ukiimba wa mbele siku ile utaimba kwa kifua, na sauti itavunjika kweli, si kwa maringo yako ya santuri. Andika miezi mitatu. Na mimi usinitaje jina. Andika cheo."

Ndiyo maana mpaka leo namwandika kwa cheo.

Jibu la Mudira lilichukua muda mrefu, na lilipokuja lilikuwa nusu ya karatasi, lakini lilikubali miezi mitatu, na lilikuwa na muhuri. Niliurudia wimbo wangu, nikauimba miaka mitano zaidi. Nimestaafu kwa hiari yangu, kwa kuwa sauti ya juu imeanza kunitoroka na sitaki kuikimbiza mbele za watu. Siku hizi nawalaza wasichana chali na kinu tumboni. Zuwena ndiye mwimbaji wa mbele. Amezaa mara mbili, na mara zote mbili alirudi akakuta nyimbo zake zinamngoja, hata ule wangu, maana aliniomba, nikampa. Yeye sauti haivunji, lakini kuchelewa anajua.

Wasichana mnaniuliza nini kikubwa nilichofanya katika kazi hii, mkidhani nitataja wimbo. Nataja karatasi. Niliiandika kwanza kwa Kiswahili, karani akaigeuza Kiarabu. Naitoa kama nilivyoiandika.

*Kwa Mheshimiwa Mudira, jumuiya ya wanawake, Ibra.*

*Assalamu alaikum.*

*Mimi Rahma binti Said, wa kikundi cha harusi kilichosajiliwa kwenu, naleta malalamiko haya.*

*Nilikwenda uzazini nikiwa mwimbaji wa mbele mwenye nyimbo saba. Nilirudi siku ya arobaini na tatu nikawekwa nyuma, na wimbo niliofukizwa nao mbele ya kikundi kizima umepewa mwingine. Sikuacha kazi. Sikukosa adabu kazini. Nilizaa.*

*Simlalamikii Raisa, wala msichana aliyeimba. Nalalamikia desturi inayosema mwanamke aliye safarini atarudi na mwanamke aliyezaa hatarudi. Desturi hiyo haimo katika dini wala katika kanuni zenu. Nimezisoma.*

*Naomba iandikwe: mwimbaji akijifungua, nyimbo zake zisiguswe na nafasi yake isitolewe kwa miezi mitatu. Sababu ya miezi mitatu ni kwamba mwimbaji huimba kwa tumbo. Hili nimeambiwa na mwenye ujuzi kunizidi. Asiulizwe mzazi maneno ya wimbo wake akiwa kitandani.*

*Nakiri nilichomoa plagi ya amplifaya Sur katikati ya hafla. Namwomba radhi bibi harusi na mama yake. Mwingine simwombi.*

*Fomu yenu ina nafasi ya kazi ya mlalamikaji. Karani amenijazia "mama wa nyumbani" kabla sijafungua mdomo. Nimeifuta kwa wino. Watoto wangu wawili wananijua kuwa mama yao, na hilo halihitaji fomu. Kazi yangu ni mwimbaji, na Alhamisi ijayo nina harusi.*